Maharage ya Ijumaa

Inspekta Hassani Mtalika aliisoma ile karatasi mara tatu, na mara zote tatu ilisema jambo lile lile. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Wapi! Maandishi hayakubadilika.

"Sajini Careen," aliita. "Hebu njoo usome wewe. Huenda ni macho yangu."

Sajini Careen Mapunda aliingia na kikombe cha chai mkononi, maana Julai ya Songea haina mzaha na mtu. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika katikati alikitua kikombe mezani bila kuangalia, kikakalia ukingo wa faili, chai yote ikamwagika. Hakuna aliyehangaika kuifuta.

"Yesu na Maria!" alisema. "Sumu imo kwenye udongo. Afande, haikuwa kwenye chakula."

Hassani aliichukua tena ile karatasi, akaisoma mara ya nne.

Siku thelathini na mbili zilikuwa zimepita tangu Nasrin afe. Nasrin alikuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa udongo, pale chini ya milima ya Matogoro. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alianguka kazini Ijumaa mchana, na Jumamosi alfajiri akafa hospitalini, yeye na mtoto aliye tumboni. Daktari alisema sumu. Na ni nani aliyekuwa akimpelekea chakula kila siku kwenye hotipoti ya bluu? Mume wake, Muhsini. Na Muhsini kazi yake nini? Kupuliza dawa kwenye mikorosho kule kwao Tunduru, msimu hadi msimu. Bomba la kupulizia lilikutwa uvunguni mwa kitanda. Basi, Hassani akaona kesi imejimaliza yenyewe. Alimkamata kwa mkono wake, akamwandika maelezo kwa mkono wake, nusu ukurasa tu. Kijana alipoomba ruhusa walau akatie udongo kwenye kaburi la mkewe, Hassani alimjibu kwamba muuaji hana matanga. Wengine wakamzika. Muhsini akabaki mahabusu.

Kesho asubuhi alikuwa anarudishwa mahakamani, na jalada lilikuwa tayari kwa mwendesha mashtaka. Jalada zuri kabisa, limefungwa kwa utepe. Kosa la kuua kwa kukusudia.

Kama si Careen, lingeondoka vile vile. Majuma mawili nyuma, akipanga vitu vya marehemu ili vikabidhiwe kwa ndugu, alikuta ndani ya pochi kipande cha gazeti kimefungia udongo. Hassani alicheka. Careen, aliyezaa watoto watatu, hakucheka. Aliujua udongo wa wajawazito, ule wa kichuguu unaouzwa sokoni kwa mafungu, na huu haukuwa huo. Huu ulikuwa wa kijivu, na punje za chumvi zikimetameta ndani yake. Akaenda stoo ya vielelezo. Huko kulikuwa na chupa mbili pana za kioo zilizochukuliwa mezani kwa Nasrin siku ile ile aliyokufa, zikazungushiwa karatasi ya polisi na kusainiwa. Ndani yake, udongo wa kijivu ule ule. Mfuniko mmoja uliandikwa HAI, mwingine MFU. Akazifungua mbele ya mashahidi, akachota kidogo katika kila moja, akapeleka kwa mkemia.

Na majibu ndiyo haya. Udongo wa kwenye pochi: una sumu. Chupa yenye mfuniko HAI: ina sumu. Chupa yenye mfuniko MFU: safi, tena imejaa bakteria walio hai.

"Kinyume," Careen alisema. "Mifuniko imepishana."

"Chukua hizo chupa," Hassani alisema. "Twende Matogoro."

Dakta Otto Ponera, mkuu wa kituo, aliwapokea mlangoni akiwa amevaa sweta na koti juu ya sweta. Aliposikia habari, uso ulimshuka. Aliziangalia zile chupa mikononi mwa Careen, karatasi ya polisi ikiwa bado imezishika, akatikisa kichwa.

"Nasrin alikuwa anakula udongo wa majaribio?" aliuliza. "Maabarani kwangu?"

"Hukujua?"

"Ningejua ningemfukuza kazi! Afadhali ningemfukuza!" Alikaa kwenye kiti, akasimama tena. "Inspekta, udongo ni mmoja, tunaugawa mara mbili. Nusu tunauacha na bakteria wake. Hiyo ndiyo HAI. Nusu nyingine tunaitia dawa ya kuwaua wote, tuone maharage yatafanya nini bila wao. Hiyo ndiyo MFU. Ile dawa haina masihara na binadamu."

"Nani aliyepishanisha mifuniko?"

Dakta Otto alifikiri kidogo tu. "Mwenyewe. Nani mwingine? Jumatatu ya wiki ile alifungua chupa zote mbili kupanda. Akafunga vibaya. Mwanamke mwenye mimba, hajalala, anatapika... Mungu wangu! Alijiua mwenyewe bila kujua."

Hassani alishusha pumzi ndefu. Tusimfiche: alipenda sana iwe hivyo. Ajali haina mtuhumiwa. Muhsini angetoka kesho, pole zingetolewa, na hakuna ambaye angeuliza sana kuhusu bwana mpelelezi aliyemfungia mtu kwa sababu ya hotipoti. Kichwani alikuwa ameshaanza kuandika taarifa.

"Nani anafanya kazi ya Nasrin sasa?" Careen aliuliza.

"Lidwina. Yuko kitalu nyumba."

Lidwina Hyera aliwakuta njiani, ametoka kunawa mikono. Hassani alimkumbuka msibani. Ndiye aliyelia mpaka akazimia, akabebwa na wanawake wanne. Alikuwa Mkatoliki wa Namtumbo, na Nasrin Mwislamu wa Tunduru, lakini watu walisema hao wawili walikuwa pete na kidole.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, binti. Pole na kazi. Tumekuja tena kukuchosha."

"Hamnichoshi. Kama ni kwa ajili ya Nasrin, hata mkija kila siku."

Kitalu nyumba kilikuwa na joto zuri, na harufu ya majani mabichi. Juu ya meza ndefu ya mbao kulikuwa na safu tatu za vikopo, vikopo kumi kila safu, na kila kikopo kimesimamisha mche wa maharage. Hassani, mtoto wa mkulima, aliyatazama kwa jicho la shambani. Mengine yalikuwa ya kijani kibichi, yamenona. Mengine yalikuwa ya manjano, yamedhoofu kama mtu aliyetoka kuugua.

"Nieleze kama unamweleza mjinga," alimwambia Lidwina. "Hao bakteria wanafanya nini?"

Uso wa Lidwina ulichangamka, na hapo Hassani akaona mtu anayeipenda kazi yake.

"Afande, mbolea ya maharage imejaa kwenye hii hewa tunayovuta, lakini maharage hayawezi kuila. Hawa bakteria wanaingia kwenye mizizi, wanajenga vinundu, wanaichota ile naitrojeni hewani na kuupa mmea. Mmea nao unawalipa kwa sukari. Ila bakteria wengi wa namna hii ukiwatia chumvini wanakufa. Hawa wetu hawafi. Wamezaliwa kwenye chumvi, wamekulia kwenye chumvi. Mtu mwenye shamba lililoharibika kwa chumvi, ambalo hata majani hayaoti vizuri, akiwapata hawa anavuna. Hatujawahi kuona hapa bakteria kama hawa."

"Mliwatoa wapi?"

"Kwetu, wilaya ya Namtumbo. Kuna bonde ambalo bibi yangu alikuwa akichuja chumvi zamani, kabla ya chumvi ya dukani. Ng'ombe wanakwenda kulamba pale."

"Na wewe ndiye uliyeuleta huo udongo?"

"Mimi. Debe zima, kichwani, mpaka barabarani."

"Kwa hiyo ripoti ina jina lako."

Lidwina alinyoosha jani moja kwa kidole. "Ina jina la Nasrin. Yeye ndiye aliyewatenga bakteria kwenye sahani za maabara. Ndivyo sayansi ilivyo."

Careen aliingilia, taratibu. "Dada, sumu tumeikuta kwenye udongo. Huu mtindo wa kuula ulianzaje?"

"Wajawazito kwetu wanaula, toka enzi. Nasrin alikuwa anatapika kila kukicha, nikamwonea huruma. Nikamwambia, hebu onja huu, bibi zetu walipona nao." Machozi yalianza kumtoka. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Najilaumu. Alikuwa anachota kijiko kwenye chupa ya HAI, anafunga kwenye gazeti, anaweka kwenye pochi."

"Hakuogopa kukosea chupa?"

"Mfuniko umeandikwa."

"Je, ukiutazama tu, huwezi kujua upi ni upi?" Hassani aliuliza. "Rangi? Harufu?"

"Hata malaika hawezi, Afande. Udongo ni mmoja. Chumvi inaficha kila kitu. Ndiyo maana tunaandika kwenye mfuniko."

Careen aliandika hilo kwenye daftari lake. Hassani alikuwa ameinamia safu ya pili.

"Hapa mbona mambo yamegeuka? Safu ya kwanza, vikopo vya HAI vimenona, vya MFU vimekonda. Sawa, ndivyo ulivyosema. Hii ya pili, vya HAI ndivyo vilivyokonda."

"Hiyo ni ya Alhamisi," alijibu Dakta Otto aliyekuwa amewafuata. "Ya kwanza Nasrin aliipanda Jumatatu. Hii akaipanda Alhamisi, siku moja kabla hajaanguka. Nilipoiona nikasema mikono ya mgonjwa hiyo, amechanganya. Sasa naelewa. Mifuniko ilikuwa imeshapishana. Alichota kwenye chupa iliyoandikwa HAI, kumbe anachota udongo uliouawa. Unaona, Inspekta? Maharage yenyewe yanashuhudia. Ni ajali."

Hassani aliona, na akafurahi. Maharage ya Jumatatu yako sawa. Maharage ya Alhamisi yamegeuka. Mifuniko ilipishana katikati. Kazi imekwisha, alijisemea, alhamdulillahi, na akageuka aondoke. Hapo ndipo bega lake lilipogusa safu ya tatu.

Vikopo vitano vya HAI vilikuwa vya kijani kibichi. Vikopo vitano vya MFU vilikuwa vya manjano.

"Na hii ni ya nani?"

"Ya kwangu," alisema Lidwina haraka, na hata kwa majonzi yale, sauti ilikuwa na fahari kidogo. "Ijumaa asubuhi. Hakuna hata kikopo kimoja kilichoniangusha." Aling'oa mche mmoja wa HAI, akakung'uta mchanga, akawaonyesha mizizi. Ilikuwa imejaa vinundu vidogo vya mviringo. Alikipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu, cha rangi ya nyama mbichi. "Wekundu huu ndio kazi inafanyika. Ukikuta cheupe, ujue wamelala."

"Ijumaa asubuhi," Hassani alirudia.

"Saa mbili. Kabla Nasrin hajaanguka."

"Ulichota kwenye chupa zipi?"

"Hizi hizi. Hatuna nyingine."

"HAI ukaenda kwa HAI, MFU kwa MFU, kama mifuniko ilivyoandikwa."

"Ndiyo, Afande."

Hassani alikuwa mtu wa kufikiri pole pole, na hilo wenzake walimcheka nalo. Alirudia siku moja moja kwa vidole, hadharani, bila aibu. Jumatatu, sawa. Alhamisi, kinyume. Ijumaa, sawa. Jumamosi asubuhi, polisi wanachukua chupa: kinyume. Alirudi mwanzo. Jumatatu, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kidole kilipofika Ijumaa kilikwama.

Astaghfirullah.

"Sajini," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Weka chupa mezani. Msomee dada tarehe ya kwenye karatasi."

Careen aliziweka. Alisoma tarehe, saa, jina la aliyesaini. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Karatasi haikuchanika, wala mifuniko haikuguswa na mtu, mpaka ilipofunguliwa mbele ya mashahidi.

"Chupa hizi zilikuwa zimepishana Alhamisi," Hassani alisema. "Jumamosi zilikuwa bado zimepishana. Kwa hiyo na Ijumaa zilikuwa zimepishana. Mtu yeyote aliyefuata mifuniko Ijumaa ile, maharage yake yangegeuka kama ya Nasrin. Wewe ya kwako hayakugeuka. Umetuambia hata malaika hawezi kuujua udongo huu kwa macho. Sasa niambie, binti yangu. Wewe uliujuaje?"

Mche ule wa maharage ulikuwa bado mkononi mwa Lidwina, mizizi inaning'inia.

Aliyepiga kelele ni Dakta Otto. "Lidwina! Hapana! Lidwina, mwambie si kweli!"

Wala Lidwina hakumtazama. Alikuwa anaitazama ile safu ya tatu, kikopo kwa kikopo. Hassani alikuwa amekwisha kuona watu wengi wakikamatwa na kitu walichofanya vibaya. Huyu alikamatwa na kazi aliyoifanya vizuri.

"Ungepanda kinyume tu," alimwambia, na kwa kweli alikuwa anauliza, hakuelewa. "Ungefuata mifuniko, leo ningefunga faili nikaandika ajali. Nilikuwa naondoka! Kwa nini hukupanda kinyume?"

"Ningeharibu jaribio," Lidwina alisema.

Careen aliweka mkono mdomoni.

"Miaka minne, Afande. Nilishika kijiko nikataka kupanda kama mifuniko inavyosema. Mkono ukakataa. Ningejua kabisa naandika HAI juu ya mfu, na watu wangekuja kuisoma hiyo kama kweli. Sikuweza."

"Ila kumlisha mwenzio uliweza."

"Nilitaka augue tu. Alazwe wiki moja. Alikuwa asafiri Morogoro kuisoma ripoti mbele ya wanasayansi, nami ningekwenda badala yake. Ningesimama, niseme huu udongo ni wa bibi yangu, anaitwa Walburga, alichuja chumvi pale miaka hamsini. Hilo tu. Sikujua kwamba kidogo vile kinaua. Ijumaa asubuhi aliniambia tumbo linamsokota. Nikamwambia, kula kidogo, utapata nafuu."

Dakta Otto alikuwa amekaa chini kwenye sakafu, suruali yake safi ndani ya maji ya kumwagilia. Careen, mwanamke ambaye Hassani hakuwahi kumwona akitetereka, alikuwa analia waziwazi huku akitoa pingu.

Saa tisa alasiri Hassani alikaa kwenye chumba cha mahojiano cha mahabusu, peke yake, na jalada mbele yake. Utepe alikuwa ameukata. Walimleta Muhsini. Mwezi mmoja ulikuwa umemkausha, shati linamning'inia.

"Shikamoo, Afande," alisema, kwa mazoea ya adabu tu.

Hassani alimvutia kiti. Alimwambia kaa. Akamwambia yote, bila kuzunguka: chupa, mifuniko, maharage, rafiki. Akamwambia kesho mbele ya hakimu mashtaka yatafutwa, atatoka. Alitegemea mtu apige kelele, au aanguke, au amshukuru Mungu.

Muhsini aliuliza jambo moja. "Udongo?"

"Udongo. Sikujua, mwanangu. Hakuna aliyejua kwamba anakula..."

"Mimi nilijua," Muhsini alisema. "Nilikuambia."

"Lini?"

"Siku ile ile uliponikamata. Uliniuliza mke wako anakula wapi. Nikakwambia, hali cha mtu ila chakula changu, na udongo anaopewa na Lidwina kazini. Wewe uliweka kalamu chini. Ukacheka. Ukasema, hayo mambo ya wanawake tusijaze karatasi bure."

Hassani alifungua jalada. Maelezo ya mtuhumiwa, kwa mwandiko wake mwenyewe, mwandiko mzuri ambao wakubwa humsifia. Nusu ukurasa. Chini ya hapo karatasi ilikuwa nyeupe mpaka kwenye sahihi, na sasa alikumbuka. Alikikumbuka kile kicheko, na saa yake aliyokuwa akiitazama kwa sababu alitaka kuwahi nyumbani.

"Nitakupeleka kaburini kesho," alisema kwa shida. "Ukitoka tu. Mimi mwenyewe."

"Kaburini nitakwenda na ndugu zangu, mzee. Wewe una kazi nyingine." Muhsini aliisukuma ile karatasi kwa kidole, ikateleza juu ya meza mpaka ikagusa mikono ya Hassani. "Chukua nyingine. Niandike."

"Kesi imekwisha, Muhsini. Hakuna haja tena."

"Niandike."

Hassani alitafuta karatasi safi. Muhsini alianza upya, pole pole kama siku ile, jina la mkewe kwanza, kisha alichokula, kisha nani aliyempa, na safari hii Hassani aliandika kila neno.